Kusoma kwa Masafa, na Elimu ya Kumsikiliza Mwenzio

(Hotuba ya halmashauri ya elimu ya tawi, iliyosomwa mbele ya wanachama, Chepseon)



Mkutano uliopita uliacha neno moja mikononi mwetu, nasi tumekuja kulijibu. Mwenzetu mmoja, mjumbe wa wafanya kazi, ambaye ana shahada yake tangu zamani na hata leo ni karani wa mizani kwa kuwa kazi nyingine hakuipata, aliomba chama kimkopeshe karo ya somo la kwanza. Ataka kusoma shahada ya uzamili kwa masafa, yaani bila ya kuondoka hapa wala kuacha kazi, na somo lenyewe laitwa saikolojia ya ukocha. Baadhi yenu mlicheka. Mama mmoja aliuliza, "Kocha wa mpira?" Mwingine alisema kwa hasira kwamba watoto wa wachumaji wanarudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na huku sisi twataka kumsomesha mtu mzima mwenye shahada. Maneno yote mawili yastahili jibu.

Tuanze na lile la mpira. Mama yule hakukosea, maana elimu hii kweli ilianzia uwanjani. Mwaka 1926 Mmarekani Coleman Griffith, wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliandika kitabu juu ya saikolojia ya ukocha. Hapa kwetu wazee wanamkumbuka Wilson Kiprugut Chuma, mtu wa Kericho, aliyepata medali ya shaba katika mbio za mita 800 huko Tokyo mwaka 1964, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya, na ya fedha huko Mexico mwaka 1968. Hakuna kocha aliyemkimbilia hata mita moja. Kocha hana mbio za kumpa mtu. Anachoweza ni kumsaidia mwenye miguu ajue miguu yake inafanya nini, akusudie jambo, na alifuate.

Baadaye mambo hayo yalitoka uwanjani yakaingia maofisini. Mwingereza John Whitmore, ambaye kwanza alikuwa dereva wa magari ya mashindano, alitoa kitabu mwaka 1992 kilichoeneza hatua nne za kuzungumza na mtu: wataka kufika wapi, hali yako ikoje sasa, njia zipi ziko mbele yako, na utafanya nini. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Sydney, nchini Australia, kilianzisha kitengo cha somo hili chini ya Anthony Grant. Tangu hapo vyuo vingine vimelifundisha katika shahada za uzamili, na baadhi yao, kama Chuo Kikuu cha East London huko Uingereza, vimelifundisha kwa masafa. Mwanafunzi husoma jinsi tabia za watu zinavyobadilika, jinsi lengo linavyowekwa likashikika, namna ya kuuliza na kunyamaza, mipaka ya siri, na jinsi ya kupima kama mazungumzo hayo yamefaa kitu au yamepoteza wakati tu.

Sasa, yatuhusu nini sisi wa majani? Tutawaambia jambo lililotokea katika tawi hili, bila ya kumtaja mtu. Mchumaji mmoja alikuwa amepata barua mbili za onyo kwa kukosa kazini. Wajumbe wetu walikaa wakatengeneza utetezi wenye nguvu, kurasa tatu. Waliongea sana, kila mmoja akijua zaidi ya mwenziwe. Ndipo yule karani wa mizani akamwuliza mama mwenyewe, "Wewe, ungependa mambo yaweje?" Kisha akanyamaza. Palikuwa kimya hata ikawa aibu. Mwisho yule mama akasema kwamba kila Jumanne ya pili humpeleka mama yake hospitali, na kwamba jirani yake katika laini angekubali kubadilishana naye siku ya mapumziko, lakini hakupata kuthubutu kumwambia nyapara. Jambo lilikwisha kwa kubadilisha siku. Kurasa tatu zetu hazikuwa na neno hata moja juu ya hospitali. Sisi tuliokuwamo chumbani tuliona haya, maana tulikuwa tumemtetea mtu ambaye hatujamsikia.

Mwenzetu alifanya vile kwa kipawa chake. Ataka kukisomea ili aweze kuwafunza wengine, kwa kuwa kipawa hakirithishwi katika semina ya siku moja.

Lakini twataka kusema na upande wa pili wa neno hili, maana liko jambo la hatari ndani yake. Wengi wanaolipia makocha duniani ni waajiri. Mwaka 2023, mwezi wa Mei, mashine za kuchumia chai ziliteketezwa hapa Kericho, na kila mtu hapa ajua uchungu uliokuwa nyuma ya moto ule. Mtu ambaye mashine imechukua kapu lake akiletewa kocha wa kumwuliza ndoto zake ni zipi, tusidanganyike: hiyo si saikolojia, ni pazia. Mshahara mdogo hauna swali la kuukuza ila lile linaloulizwa mezani, chama upande huu na mwajiri upande ule. Kwa hiyo mjumbe akikutana na kocha aliyeletwa na kampuni, na aulize mambo mawili kwanza: nani anakulipa, na yale utakayoyaandika yatasomwa na nani? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mfanya kazi haki ya kuuliza hayo. Tukiwa na mtu wetu aliyesoma kitabu kile kile walichosoma wao, tutajua wapi mazungumzo ni msaada na wapi ni ulaghai. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya sisi kuliunga mkono ombi hili.

Tena ijulikane kwamba shahada hii haimfanyi mtu kuwa mganga wa akili. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na anayetaka kufanya kazi hizo sharti asajiliwe kwa mujibu wake. Mwenye huzuni isiyomwachia usingizi, au anayefikiri kujidhuru, apelekwe kwa wenye kazi hiyo mara moja. Kocha mwema ajua mahali pa kukomea.

Tuje kwenye kusoma kwa masafa. Wako wanaodhani ni mambo ya jana, yaliyoletwa na simu. Sivyo. Mwaka 1840, Uingereza ilipopata posta ya bei moja nafuu, Isaac Pitman alianza kuwafundisha watu hati mkato kwa barua. Mtu wetu wenyewe, Tom Mboya, alipokuwa mkaguzi wa afya na kiongozi wa wafanya kazi mjini Nairobi, alijiandikisha katika chuo cha posta cha Afrika Kusini kilichoitwa Efficiency akasoma uchumi, kabla ya kwenda Ruskin, Oxford, mwaka 1955. Hoja alizowatolea waajiri hakuzipata zote darasani. Nyingine zilikuja katika bahasha. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa jina lake la wakati ule, kilifungua kitengo cha masomo ya posta huko Kikuyu, na masomo yakafuatana na vipindi vya redio. Walimu wengi wa shule za msingi walipanda daraja kwa njia hiyo. Nelson Mandela alimaliza shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, akiwa bado kifungoni. Tanzania ilianzisha Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya mwaka 1992. Sisi tulichelewa: Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kule Konza, kilipewa hati yake mwaka 2023.

Basi njia ni ya zamani na imepitwa na watu wa kazi. Ugumu wake ndio tutakaousema waziwazi, kwa hesabu, maana watu wa kilo hawaogopi hesabu.

Shahada ya uzamili ya Uingereza huhesabiwa kuwa krediti 180, na kila krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kusoma. Hizo ni saa 1,800. Mtu akipata saa 15 kwa juma, atatumia majuma 120, yaani miaka miwili na miezi zaidi. Akipata saa 10 tu, ni majuma 180, miaka mitatu na nusu, na hapo hatujahesabu msiba wala homa, wala yale majuma ambayo majani hufurika na mizani haifungwi mpaka usiku. Lakini ngazi ina vituo. Krediti 60 mara nyingi hutoa cheti cha uzamili, na 120 stashahada ya uzamili. Ndiyo maana twasema akopeshwe somo moja kwanza. Asiapie mlima wote akiwa bado chini.

Mambo mengine ya kuangalia ni mafupi. Kabla ya kulipa hata shilingi, aulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama chuo kile na shahada ile hutambuliwa hapa nchini. Wako wauzao vyeti kama wauzao viazi. Aulize karo nzima ni kiasi gani mpaka mwisho, si ya mwezi wa kwanza tu, na kama ni kwa pauni akumbuke kwamba pauni hupanda bila kumwomba ruhusa. Aulize pia kama kuna siku za lazima za kuonana kwa intaneti, na ni saa ngapi kwa saa zetu.

Lakini wengi hawakushindwa na karo. Yupo mzee wa kiwanda, mwenzetu katika halmashauri hii, aliyeturuhusu kusimulia haya. Alipokuwa kijana alijiandikisha katika chuo kimoja cha posta kusoma uhasibu. Vitabu vitatu vilikuja, akafurahi. Akafanya zoezi la kwanza usiku, taa ya chemni mezani, akalipeleka. Lilirudi na wino mwekundu kila mahali, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba wino mwekundu si tusi, ni mwalimu anaongea. Akaliweka chini ya godoro. Hakumwambia mkewe wala sisi. Alipokuja kutuambia baada ya miaka, tulicheka, na katika halmashauri hii wako waliocheka zaidi kuliko wengine. Vitabu viwili havikufunguliwa kamwe. Yeye asema hivi: hesabu zilikuwa ngumu, ndiyo, lakini zaidi ya hesabu ni kwamba hakuna aliyejua anasoma, kwa hiyo hakuna aliyejua ameacha.

Sisi twaona hapo ndipo chama kina kazi. Chuo cha ng'ambo kitaleta masomo katika kompyuta. Hakitaleta meza, wala mtu wa kuuliza, "Juma hili umefika wapi?" Na ajabu ni kwamba somo lenyewe ndilo linalosema mtu hufika mbali zaidi akiwa na mtu wa kumwuliza hivyo. Itakuwa aibu tukimpeleka mtu kusoma ukocha naye mwenyewe asipate kocha.

Kwa hiyo twaleta haya mbele yenu. Chumba cha nyuma cha ofisi ya tawi kifunguliwe jioni tatu kwa juma kwa kila anayesoma, awe wa uzamili, awe anayerudia mtihani wa kidato cha nne. Stima hupotea hapa Chepseon kila mvua inapokuja na upepo, basi inunuliwe taa ya sola moja. Bando la intaneti lilipwe na wasomaji wenyewe kwa kuchanga. Mkopo utolewe kwa somo moja tu, urudishwe kila mwezi kutoka katika mshahara, kwa hati iliyotiwa saini. Naye mkopaji, kila mwezi, awafunze wajumbe wote wa mashamba jambo moja alilojifunza, kwa Kiswahili cha hapa na si kwa maneno ya kitabu. Akishindwa kueleza, tutajua hajalielewa, au hatukulihitaji.

Sasa yule mwenzetu aliyesema kwa hasira. Ndugu, hatusemi umekosea. Fedha ya mfuko wa elimu ni ile ile, na shilingi haiwezi kwenda shule mbili. Tulizipima. Mfuko wa karo za watoto hautaguswa hata senti. Mkopo utatoka katika fungu la semina, ambalo mwaka jana lililipa chai na nauli za watu kwenda kusikiliza hotuba ambazo leo hakuna anayezikumbuka. Kama mwaona fungu lile lafaa kubaki lilivyo, semeni, nasi tutaandika hivyo katika kitabu. Mwenzetu hajui tutasema nini leo. Tulimwambia atoke nje wakati wa kura, naye amekaa pale chini ya mti pamoja na karatasi zake.

Jambo moja la mwisho ni la mama zetu. Katika majina sita ya wasomaji tuliyopokea, hakuna la mwanamke, na wachumaji wengi wetu ni wanawake. Hatukuwauliza kwa nini. Tuliandika tu kwamba "hawakujitokeza", kama tulivyoandika zile kurasa tatu. Basi twawauliza sasa: jioni ipi ingewafaa, na watoto wangekaa wapi wakati huo? Msijibu sisi wanaume tukiwa tumesimama hapa mbele. Katibu wa akina mama ana daftari, na atakuwa kwenye mizani ya asubuhi siku zote sita. Kura ya mkopo itapigwa sasa kwa kuinua mikono. Ile ya chumba itangoja mpaka daftari lile lirudi.