Leza Haitibu Kila Jicho

Msikilizaji, tuelewane: leza huchonga upya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ili mwanga utue sawasawa kwenye retina. Kwa hiyo humfaa asiyeona mbali, asiyeona karibu tangu ujana, na yule ambaye konea yake haikuviringana sawa, akaona herufi zenye ukungu. Lakini aliyefika miaka 45 na sasa anasogeza gazeti mbali ndipo asome, lenzi yake ya ndani imekakamaa. Leza hairudishi ulaini huo. Mwenye mtoto wa jicho naye huhitaji kubadilishiwa lenzi. Ninakusihi, kabla hujalipa hata shilingi, dai upimwe unene wa konea. Ikiwa nyembamba mno, baki na miwani yako.