Mavazi ya Kwendea Mazikoni

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyemsitiri mwanadamu kwa vazi akiwa hai na kumsitiri kwa udongo akiisha kufa. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baad.

Enyi ndugu Waislamu, yako mambo yaonekanayo kuwa madogo, na kumbe ndiyo yamzuiayo mtu asitimize haki ya mwenziwe. Katika hayo ni nguo ya kwendea mazikoni. Mji wa Rumonge, kilometa 70 na ushei kusini ya Bujumbura, ni mji wa ziwa na wa michikichi. Mvuvi hurudi alfajiri na ndagala, nguo zimelowa. Mkamuaji wa mawese hutoka kazini na shati lenye mabaka mekundu yasiyotoka hata kwa sabuni. Nayo maiti haingoji. Afaye usiku huzikwa kabla ya adhuhuri, na afaye asubuhi huzikwa alasiri, kwani Mtume ameamrisha jeneza liharakishwe. Basi mtu huyo akisikia tanzia hujitazama alivyo, akaona haya, akadhani kwamba atamwaibisha mfiwa. Hukaa nyuma ya nyumba mpaka jeneza likapita. Kesho yake huja kutoa pole amevaa kanzu iliyopigwa pasi, naye hakutia kaburini hata konzi moja ya mchanga.

Mtu huyo amepoteza mengi kwa sababu isiyokuwa ya sheria. Abu Huraira amepokea kwamba amsaliaye maiti ana kirati moja ya thawabu, na asubiriye mpaka azikwe ana mbili, na kirati moja ni mfano wa mlima. Sala yenyewe yataka yale yatakiwayo na sala nyingine: udhu, kuelekea kibla, kusitiri uchi, na tohara ya mwili, nguo na mahali. Haina rukuu wala sijida. Ni takbira 4 za kusimama. Mawese ni chakula, na doa lake si najisi hata likiwa jekundu kama damu. Harufu ya samaki nayo si najisi, ila humuudhi wa kando, na adabu ni mvuvi akoge kwanza. Ziwa liko pale pale. Damu ndiyo ya kuoshwa, au nguo ibadilishwe. Ni kazi ya dakika chache, na safu ya sala bado haijapangwa.

Kwa upande wa pili wako wale waijiao maziko kama waijiao harusi. Viatu vyang'aa, suruali imenyooka, manukato yatangulia mbele yao; na kwa kuiogopea nguo hiyo husimama chini ya mwembe, wazee wakishika majembe. Nguo ya mazikoni ni ile iwezayo kuingia mchangani. Iwe safi, iwe ya heshima, isitiri, kisha isimfunge mikono mwenyewe.

Ama rangi, watu wamegombana juu yake pasipo haja. Nyeupe imependekezwa: Ibn Abbas amepokea kwamba Mtume aliwahimiza watu wavae nguo nyeupe na wawakafini maiti wao kwazo. Lakini kupendekezwa si kulazimishwa. Nyeusi nayo si haramu, wala si wajibu wa msiba. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walikuta biashara ya ziwani ikiendeshwa kwa nguo na shanga, na nguo zenyewe zilikuwa merikani isiyotiwa rangi na kaniki ya rangi nzito. Zote mbili zililetwa na misafara ile ile. Nyeusi ya matanga, basi, ni desturi ya watu, na desturi isiyovunja sheria huachwa ilivyo. Ila isifanywe ndiyo dini, akaja mwanamke na leso ya maua, pekee aliyo nayo, akatazamwa kama mwenye kosa.

Na Rumonge watu wamechanganyika. Akifa jirani Mkristo, Mwislamu huenda kumpa pole mfiwa na kusimama naye, akiwa na kofia yake na kanzu yake, au suti kama anayo. Mtume alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoambiwa ni la nani, aliuliza kama yule naye hakuwa nafsi.

Jambo zito zaidi ni sare. Katika miji mingi imezuka desturi ya kununua vitenge vya namna moja kwa ajili ya matanga na siku ya arubaini. Wanawake wa ukoo hupangiwa bei, na asiyeweza hukopa, au hukaa jikoni asionekane. Ikiwa kila mmoja atatoa chake kwa hiari, hilo ni lake. Balaa ni pale fedha zitokapo katika mali ya marehemu. Sheria imeipanga mali hiyo: kwanza gharama za maziko kwa kadiri, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha warithi. Sare haimo katika gharama za maziko. Marehemu akiacha watoto wadogo, kila kitenge kilichokatwa kwa fedha zile kimekatwa katika mali ya yatima, na wala hapana mjomba wala shangazi mwenye ruhusa ya kuwasamehea.

Tena itazamwe nguo ya maiti mwenyewe. Mtume alikafiniwa kwa nguo 3 nyeupe za Yemen, bila kanzu wala kilemba. Mwanamume sunna yake ni 3, mwanamke 5, na iliyo lazima ni moja tu ya kumfunika. Abu Bakr, alipokuwa akifa, aliusia kwamba nguo yake kuukuu ifuliwe na iwe katika sanda yake, kwa kuwa aliye hai ndiye mwenye haja ya mpya. Naye Musab bin Umair, aliyekuwa kijana wa mavazi ya fahari huko Makka, alipouawa Uhud hakuacha ila shuka moja fupi. Wakamfunika kichwa, na miguu wakaifunika kwa majani.

Na mwambao huu wajua maiti wasiokuwa na sanda. Tarehe 29 Aprili 1972 mapigano yalizuka Rumonge na Nyanza-Lac, kisha mauaji yakaenea nchini, na watu wengi mno wakafukiwa bila kuoshwa wala kusaliwa. Mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipofukua makaburi ya halaiki mkoani Karuzi ilikuta mabaki ya watu zaidi ya 6,000, na baadhi yao walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari zao.

Mjane ana hukumu yake. Wengine huomboleza siku 3; yeye, asipokuwa mja mzito, hukaa eda miezi 4 na siku 10, akiacha mapambo, manukato na wanja. Hakuandikiwa nguo mpya ya rangi fulani, na zile azovaa jikoni kwake zamtosha.

Yapasa, basi, kila msikiti wa mwambao uwe na sanduku: kanzu chache, misuli, mitandio, na bafta iliyokwisha kupimwa kwa sanda. Atokaye ziwani au shinikizoni aingie, akoge, avae, asali, azike, kisha arudishe. Ufuaji ushikwe na vijana kwa zamu, na ufunguo ukae kwa mwadhini, kwa kuwa yeye hupatikana saa zote.