Mabwana wa Japani na Panga Zao



Mwezi wa Julai 1853 manowari nne za Marekani, chini ya Commodore Perry, zilitia nanga karibu na Edo, mji uitwao leo Tokyo. Zama hizo Japani ilikuwa imegawanyika kwa mabwana zaidi ya 260, waitwao daimyo, kila mmoja na askari wake, samurai, waliolipwa mchele. Mizinga ile ilidhihirisha ya kuwa nchi iliyogawanyika haiwezi kujilinda.

Mwaka 1869 daimyo walimrudishia Mfalme Mkuu ardhi zao. Mwaka 1871 milki zao zikafutwa. Walakini hawakufukarika: waliwekewa sehemu moja katika kumi ya mapato ya milki hizo, na madeni yao yakachukuliwa na serikali.

Walioumia ni samurai wadogo. Mwaka 1876 walikatazwa kuvaa panga, na posho yao ikageuzwa hati za deni la serikali, ambazo faida yake haikuwatosha. Mwaka 1877 Saigo Takamori, aliyesaidia kuisimamisha serikali hiyo, aliongoza maasi. Akashindwa na jeshi ambalo askari wake wengi walikuwa wana wa wakulima.

Basi tuyasifupo mageuzi yale, tuulize pia ni nani aliyelipa gharama yake.