Breki Ikizama, Usiondoke

MTANGAZAJI: Ndugu dereva unayebeba watu na mizigo kati ya Arua na Koboko, kabla ya kuondoka kanyaga breki, uishikilie. Pedali ikizama polepole, tafuta mafuta yanakovuja: paipu, mipira, upande wa ndani wa kila gurudumu. Pakavu kote? Masta silinda imechoka ndani. Pedali ikiwa laini, ikapanda ukiikanyaga mara kadhaa, huenda kuna upepo. Fundi autoe, aanzie gurudumu la mbali zaidi. Usiongeze mafuta ya injini: yanavimbisha raba, breki zinakufa.

Nawe abiria, ukiona dereva anakanyaga mara tatu ndipo gari lisimame, shukeni. Gari hilo halibebi watu, hata hadi Lobule tu.