Askari wa Mwili Wanapogeuka

Wazee wa Mbeya na Iringa wanaikumbuka klorokwini, dawa chungu ya malaria ambayo Tanzania iliacha kuitegemea mwaka 2001. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, hadi leo hutibu lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe: ngozi, viungo, hata figo.

Lakini wapo wagonjwa ambao hata wakiongezewa prednisoloni ya kushusha kinga, dawa hazifui dafu.

Mwaka 2021 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, wakiongozwa na Georg Schett, walieleza kisa cha mgonjwa wa lupasi mwenye miaka 20. Walimtoa damu, wakachuja seli T, yaani askari wa mwili, wakazitia jeni ya kuzisaka seli B zinazochochea vita hivyo, kisha wakazirudisha mwilini kwa dripu. Mwaka 2024 wakaripoti wagonjwa 15 wa maradhi ya aina hiyo. Wanane wa lupasi wote walitulia bila dawa za kushusha kinga. Idadi ndogo, tukubali. Tiba hii bado ni ya majaribio, ghali mno, na huweza kuleta homa kali na maambukizi.

Kwa sasa, mwenye maumivu ya viungo yasiyokoma, vipele mashavuni au miguu kuvimba asisingizie baridi ya Mafinga au Uyole. Aende hospitali, na asikatishe dawa alizoandikiwa.