Mume na Mke Waendapo kwa Daktari Kutafuta Mtoto

Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wa pwani yetu hulinong'ona zaidi kuliko kulisema, nalo ni habari ya mume na mke waliokaa pamoja wasipate mtoto. Hapa Mtanda, katika mji wa Lindi, kama penginepo, mara nyingi shauri hili hukatwa barazani: mke hurudishwa kwao, au huletewa mwenzake, na mume hajapimwa hata mara moja. Jambo hilo si haki, tena halina akili.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika kila watu wazima 6, mmoja hivi hupatwa na taabu hii wakati fulani wa maisha yake. Sababu yaweza kuwa kwa mke, au kwa mume, au kwa wote wawili. Lakini sisi mwanamke twamwita tasa upesi, na mwanamume twamwuliza nguvu zake tu. Nguvu ni jambo moja na mbegu ni jambo jingine. Mtu aweza kuwa na nguvu kamili, na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Wala hilo halionekani kwa macho, ila kwa hadubini.

Basi waliokaa mwaka mzima bila kutumia kinga na mimba haikupatikana, waende kwa daktari. Na mke aliyetimiza miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6. Mtu wa Mtanda ana nafuu, maana Hospitali ya Sokoine, iliyo ya rufani ya mkoa, imo mjini humu.

Kabla ya kwenda, mke anunue daftari dogo, aandike siku ya kwanza ya kila hedhi, kwa muda wa miezi mitatu ikiwezekana. Vipimo vingi hufuata hesabu hiyo. Picha ya eksirei ya mirija ya uzazi hupigwa baada ya damu kukauka na kabla yai halijapevuka. Damu ya kujua kama yai limetoka hupimwa siku saba hivi kabla ya hedhi ijayo. Hapa ndipo penye shida kwetu. Sisi husafiri ufuta au korosho zinapouzwa, lakini mwili haujui habari za mnada. Mtu aendaye Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 450 hivi, akafika siku isiyofaa, ataambiwa arudi mwezi ujao, na nauli imekwisha. Apige simu kwanza, aulize afike siku ya ngapi tangu damu ilipoanza.

Mume naye ana kazi yake. Kabla ya kupimwa manii ajizuie kwa siku zisizopungua 2 wala kuzidi 7. Atumie chombo alichopewa na hospitali, bila sabuni wala mafuta; na akitoa nyumbani, akifikishe kabla ya saa moja kupita, amekiweka karibu na mwili kisipate baridi. Aseme kama aliwahi kuugua kisonono, au ana mabusha, au alipata homa kali karibuni. Mbegu huchukua miezi miwili na nusu hivi kutengenezwa. Kwa hiyo homa ya mwezi uliopita yaweza kuharibu hesabu ya leo, na kipimo kibaya hurudiwa kabla ya kuhukumu.

Mke aeleze mimba zilizoharibika, homa baada ya kujifungua, na kichocho cha utotoni, maana hicho nacho huweza kudhuru uzazi. Mwenye siri asiyotaka mwenzake aisikie aombe kuonana na daktari peke yake kwanza. Dawa za mganga nazo zitajwe. Daktari hawezi kupima asichoambiwa.

Majibu yakitoka, ombeni nakala, mziweke pamoja na daftari. Wengi hupoteza karatasi, wakaanza upya kwa gharama ile ile. Vidonge vya kupevusha yai visigawiwe jirani.

Wengine watashauriwa yai na mbegu viunganishwe nje ya mwili. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na Dar es Salaam zipo hospitali zifanyazo kazi hiyo. Gharama ni kubwa. Ulizeni jumla yote pamoja na dawa kabla ya kuuza shamba. Baada ya kuwekewa, mke hana haja ya kulala chali siku nyingi. Asiache dawa kwa kuona damu kidogo, mpaka daktari amwambie. Asiharakie kupima mkojo, kwa kuwa sindano ya kupevusha mayai huweza kudanganya kipimo. Angoje kipimo cha damu baada ya wiki mbili hivi. Lakini tumbo likivimba upesi, au pumzi ikibana, au mkojo ukipungua, asingoje hata siku moja.

Jibu likiwa hakuna mimba, warudi wote wawili. Wamwulize daktari ni mayai mangapi yaliyopatikana, mangapi yaliyoungana na mbegu, na kama yamebaki mengine yaliyohifadhiwa katika baridi kali. Maana hayo yaweza kutumiwa mara nyingine bila kuanza tena kazi ya kupevusha mayai.