Picha za Angani Zifike Kijijini

Wiki hii yamesemwa mengi kuhusu viwanda na upanuzi wa miji ya Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi. Madini ya kinywe yachimbwe Ruangwa, korosho ibanguliwe Nachingwea badala ya kusafirishwa ghafi: yote hayo kituo hiki cha utangazaji kinayataka. Hofu yetu ni picha. Mji unaelekea wapi, shamba la nani litamezwa, siku hizi yanasomwa kwenye picha za setilaiti, na picha hizo hazifiki kijijini. Tumelisema hili na tunalisema tena: hazifiki kijijini.

Wala si siri. Setilaiti za Landsat za Marekani zinapiga picha za dunia tangu 1972, na tangu 2008 mtu yeyote anazichukua bure. Sentinel-2 ya Ulaya iko angani tangu 2015, nayo ni bure. Weka picha ya zamani kando ya mpya, utaona barabara, mabati, shimo la mgodi. Bure kwa dunia nzima, lakini hazifiki kijijini.

Na picha yenyewe inaona nini? Doa moja la Landsat ni mita 30 kwa 30. Humo ndani nyumba, mikorosho ya babu na uwanja wa kuanikia vyote vinageuka rangi moja. Bati jipya linang'aa, linahesabiwa mji. Nyumba ya nyasi iliyo chini ya mkorosho inaweza isihesabiwe. Kiangazi, wakulima wanapofyeka na kufagia chini ya mikorosho ili waokote korosho, udongo mtupu unaweza kusomwa kuwa ni ujenzi. Shamba lililopumzishwa linaweza kusomwa kuwa ni pori. Likishaandikwa pori, mwenye shamba atalipwa fidia gani?

Nachingwea inayajua madhara ya kupangiwa kutoka juu. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache, ardhi nyingi ukiitazama kutoka kwenye ndege. Mwaka uliofuata mpango wa Uingereza wa kulima karanga ukaanza: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikaletwa hadi Nachingwea. Mwaka 1951 Uingereza ikautupa mpango, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Walitazama kutoka juu, wenyeji hawakuulizwa.

Tusidanganyane pia kuhusu kutegesha. Habari za mgodi zikivuma, nyumba zinaota usiku kucha ili zilipwe fidia. Hapo picha yenye tarehe inaweza kusaidia kukata ubishi. Inaweza kumfichua aliyesimamisha kuta juzi, inaweza kumtetea mama ambaye mikorosho yake ilikuwepo kabla mchimbaji yeyote hajaijua njia ya Ruangwa. Lakini itamteteaje ikiwa yeye hajaiona? Anayo mthamini wa fidia, anayo mwekezaji, anayo ofisa ardhi. Mama hana. Hazifiki kijijini!

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake. Sauti hiyo itumike. Halmashauri za Ruangwa na Nachingwea, zichapisheni picha kwenye karatasi kubwa, mzibandike ofisi ya kijiji kabla mthamini hajakanyaga. Wazee waitwe, wataje jina la kila mahali: hapa kisima, hapa makaburi, hapa shamba la ukoo. Diwani, ramani ambayo mkutano haujaiona usiipitishe. Mwenyekiti wa kijiji, usiigongee muhuri. Vijana wenye simu janja, zitafuteni picha hizo sasa, msingoje kuletewa. Chagueni za kiangazi, Julai au Agosti, wakati mawingu ni machache. Chukueni mbili, moja ya kabla ya mgodi na moja ya mwaka huu, muende nazo mkutanoni.